Nani Aliwapikia Wapiganaji wa Kurukshetra?

Siku za karibuni nimekuwa nikichelewa kulala, na mwenzangu nyumbani amekwisha kunionya kwamba macho hayauzwi dukani. Kisa chenyewe ni kitabu. Ni riwaya nene kama tofali la kuchoma, iitwayo Parva, aliyoiandika S. L. Bhyrappa wa India kwa lugha ya Kikannada na kuichapisha mwaka 1979. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri iliyotoka mwaka 1994. Aliniletea mpwa wangu alipomaliza masomo yake Pune, nami kwa aibu nasema kwamba ilikaa kabatini miaka mingi ikila vumbi. Niliikumbuka niliposikia kwamba Bhyrappa amefariki dunia, Septemba 2025. Nikasema, basi angalau kurasa kumi, kwa heshima ya marehemu. Kurasa kumi zikawa mia, na mia zikanifikisha alfajiri.

Riwaya hii inasimulia upya Mahabharata, kile kisa kikuu cha Wahindu cha vita baina ya watoto wa baba wakubwa na wadogo. Wengi wenu mnakijua bila kujua kwamba mnakijua. Mwaka 1990, wakati Dar es Salaam haikuwa bado na televisheni, majirani zangu wa Kihindi walikuwa wakiangalia tamthilia ya Mahabharata ya B. R. Chopra kwa mikanda ya video. Jumapili jioni viatu vilijaa mlangoni mpaka njia haipitiki. Jirani yangu mmoja, muuza vitambaa, alinipa kigoda karibu na mlango, akawa ananitafsiria kwa Kiswahili chake cha dukani: "Huyu mzuri. Huyu mbaya. Huyu mzuri lakini atakufa." Kwa tafsiri hiyo nilifuata vita nzima.

Kwa wasiokijua, nakieleza kwa ufupi. Katika ufalme wa Hastinapura walikuwako ndugu watano, wana wa Pandu, na binamu zao mia moja, wana wa Dhritarashtra kipofu. Waligombea kiti. Mkubwa wa wale watano, Yudhishthira, alialikwa kucheza dadu, akapoteza kila kitu. Wakaenda porini miaka kumi na miwili, na wa kumi na tatu wakaishi kwa kujificha. Waliporudi kudai chao wakanyimwa. Vita vikapigwa siku kumi na nane katika uwanda wa Kurukshetra, kaskazini ya Delhi, na kwa hesabu ya kisa chenyewe waliobaki hai upande wa washindi na washindwa hutajwa kuwa kama watu kumi tu.

Sasa, kisa hiki si kitabu cha mtu mmoja aliyeketi akaandika mpaka akamaliza. Mapokeo humtaja Vyasa kuwa ndiye mtunzi, lakini wataalamu husema kilikua kwa karne nyingi, takriban kati ya mwaka 400 kabla ya Kristo na mwaka 400 baada yake, kila msimulizi akiongeza chake. Kimepewa sifa ya kuwa na beti laki moja. Neno hilo "laki" tulilichukua kwa Wahindi wenyewe, kwa hiyo msishangae kwamba wao ndio wenye vitu vya kuhesabiwa kwa malaki. Utendi wetu wa Tambuka, ambao tunauona mrefu, una beti elfu moja na mia na kitu.

Huko Pune alikosoma mpwa wangu iko Taasisi ya Bhandarkar ya utafiti wa mambo ya Mashariki. Alipita mbele yake kila siku bila kuingia, kijana yule, na sijamsamehe. Mwaka 1919 wataalamu wa taasisi hiyo walianza kukusanya nakala za mkono za Mahabharata kutoka kila pembe ya Bara Hindi, nyingine zimeandikwa kwenye majani ya mitende, nyingine kwenye magome ya miti ya Kashmir. Walilinganisha nakala 1,259, mstari kwa mstari, ili wajue ni maneno gani ya zamani zaidi na yapi yaliongezwa na waandishi wa baadaye. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1966. Miaka 47! V. S. Sukthankar, aliyeiongoza tangu mwaka 1925, alifariki mwaka 1943 bila kuuona mwisho wake. Na walichokigundua ni kwamba hata hadithi zinazopendwa sana hazimo katika nakala za zamani. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, anayesemekana kuwa karani wa Vyasa, ametiwa baadaye. Beti laki moja nazo zikapungua kwa karibu robo.

Nayaeleza haya ili msidhani kwamba Bhyrappa alipochukua kisa kitakatifu na kukisimulia upya alifanya jambo ambalo halijapata kufanywa. Hakuna aliyewahi kusimulia Mahabharata bila kuibadili. Lakini yeye alifanya jambo zito kupita kuongeza au kupunguza beti. Aliwaondoa miungu.

Katika kisa cha asili, Kunti, mama yao wale ndugu, alipewa maneno ya siri ya kumwita mungu yeyote azae naye. Akiwa bado msichana aliyajaribu kwa mungu Jua, akapata mtoto, Karna. Kwa kuogopa fedheha akamtia ndani ya kikapu na kumwacha mtoni. (Wengi wenu mmemkumbuka Musa.) Baadaye, akiwa ameolewa na mume asiyeweza kuzaa naye, akawaita miungu mingine, akazaa wana watatu, na mke mwenzake akazaa mapacha. Bhyrappa anasema: hebu tuseme ukweli. Msichana alipata mimba. Na baadaye mume asiyezaa aliitumia desturi ya zamani ya nchi yao, ambayo mke aliruhusiwa kupata watoto kwa mwanamume mwingine aliyekubaliwa, na watoto wakahesabiwa wa mume. Hao "miungu" katika riwaya ni watu wa jamii ya milimani, wanaoitwa Deva. Wazee wa baadhi ya makabila yetu hawatashangaa sana. Kadhalika Draupadi, mwanamke mmoja aliyeolewa na ndugu wote watano. Bhyrappa alisafiri katika sehemu zinazotajwa kisani, na kule milima ya Himalaya aliwakuta watu ambao ndugu huoa mke mmoja mpaka leo. Hakukaa chumbani akabuni.

Mtu atauliza, ukishaondoa miungu kinabaki nini? Wanabaki watu wanaokumbuka. Riwaya imejengwa kwa namna hiyo. Vita vinakaribia, na kila mmoja, kwa zamu, anakaa na kuyatazama maisha yake: mzee Bhishma, Kunti, Draupadi, Bhima, Karna. Haianzi na shujaa. Inaanza na Shalya, mfalme wa Madra, mtu mzima mwenye shughuli za nyumbani kwake, ambaye vita vya watu wengine vinamjia mlangoni. Yeye ni mjomba wa wale mapacha, lakini akaishia kupigana upande wa pili. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nani kati yetu hajui ukoo ambao ugomvi wa ndugu wawili juu ya shamba umewaingiza wajomba, mashangazi na wakwe, mpaka anayebeba hasara ni mtu ambaye hata shamba lenyewe hajapata kuliona?

Na hapo nafika kwenye vita. Vitabu vya kale vinatoa hesabu ya majeshi kwa kipimo kiitwacho akshauhini. Kipimo kimoja ni magari ya farasi 21,870, tembo idadi hiyo hiyo, farasi 65,610, na askari wa miguu 109,350. Kurukshetra walikutana akshauhini kumi na nane: kumi na moja upande mmoja, saba upande wa pili. Nilichukua kalamu. Askari wa miguu peke yao ni 1,968,300. Tembo ni 393,660. Tembo mmoja akila kilo mia moja tu za majani kwa siku, na hapo nampunja, wote kwa pamoja wanataka zaidi ya tani 39,000 kila siku, kwa siku kumi na nane, mahali pamoja. Ni nani aliyekata majani hayo? Na wale karibu milioni mbili, ni nani aliyewapikia? Walijisaidia wapi?

Washairi hawaulizi maswali hayo. Bhyrappa anayauliza, na kurasa zake za vita ndizo bora kabisa. Jeshi lake linaumwa tumbo. Chakula kinachelewa, maji yanachafuka, maiti zinaoza na hakuna nguvu ya kuzichoma zote, na harufu inawafikia hata wafalme hemani mwao. Mwanajeshi wa kawaida hajui hasa anapigania nini. Nilimsomea rafiki yangu mmoja aliyekuwa jeshini, aliyefika Uganda mwaka 1979, ukurasa mmoja wa sehemu hiyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu bwana ameulizia vizuri."

Je, vita hivyo vilikuwako kweli? Kati ya mwaka 1950 na 1952 mtaalamu wa mambo ya kale B. B. Lal alichimba mahali paitwapo Hastinapur, karibu na Meerut, ukingoni mwa mkondo wa zamani wa mto Ganges. Alikuta vyombo vya udongo vya rangi ya kijivu vilivyochorwa, vya takriban miaka elfu moja kabla ya Kristo, na dalili kwamba mafuriko yaliwahi kuubomoa mji. Vitabu vya kale vinasema kweli kwamba Hastinapura ulichukuliwa na mto. Lakini kasri la dhahabu hakulikuta. Alikuta kuta za udongo na miti, na mifupa ya ng'ombe. Yeye aliona kwamba hapo pana mzizi wa kisa, na wanahistoria wenzake wengi walimpinga. Maoni yangu, ambayo hayana cheo chochote, ni kwamba palikuwa na ugomvi wa kweli wa koo mbili za wafugaji na wakulima, wenye watu wachache sana kuliko milioni mbili, na kwamba uliuma kiasi kwamba watoto wa watoto wao hawakuweza kuacha kuuzungumza. Sisi pia tunaye Fumo Liyongo. Kaburi lake huonyeshwa Kipini, na utendi wake unasema alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Hakuna anayetaka cheti cha daktari ndipo aamini kwamba mtoto anaweza kumsaliti baba.

Kuna tukio moja ambalo sikuweza kulipita upesi. Siku ile ya dadu, Yudhishthira aliweka dau mali yake, akapoteza. Akaweka ndugu zake, mmoja mmoja, akawapoteza. Akajiweka mwenyewe, akapoteza. Ndipo akamweka Draupadi, mke wao, naye akaenda. Mjumbe akatumwa kumwita, kwamba sasa yeye ni mtumwa. Akamrudisha yule mjumbe na swali: muulize mchezaji, alianza kujipoteza mwenyewe au alianza kunipoteza mimi?

Swali hilo wanasheria wa India wamelijadili hata leo. Ikiwa mume alikwisha kuwa mtumwa, mtumwa ana haki gani ya kumweka mtu mwingine dau? Na ikiwa ana haki hiyo hata akiwa mtumwa, basi mke ni kitu cha namna gani? Mwanamke huyo alikokotwa kwa nywele mpaka barazani, akiwa katika siku zake, amevaa vazi moja, akalirudia swali mbele ya wazee wote. Bhishma, aliyekuwa mwenye hekima kuliko wote, alisema mambo ya haki ni membamba mno, hawezi kujibu. Wengine walitazama chini. Aliyesema kwamba mama huyu ana haki alikuwa Vikarna, mdogo wake mshindi, kijana, naye akakemewa kwamba anasema maneno ya kitoto. Kisha wakaanza kumvua nguo.

Katika kisa kinachopendwa na watu, Draupadi alimlilia Krishna, na nguo ikawa haiishi: ikivuliwa hii inakuja nyingine, mpaka mvuaji akachoka. Wale wataalamu wa Pune walikuta kwamba katika nakala za zamani ile sala kwa Krishna haimo, ingawa nguo zenyewe zinaendelea kuja. Bhyrappa naye hakubali muujiza wowote. Ametubakizia mwanamke mmoja na baraza la wazee walionyamaza.

Jambo hili ndilo lililonigombanisha na jirani yangu. Sasa ni mzee, duka ameliachia wanawe, lakini bado anakaa pale mbele asubuhi na kalenda ya Krishna ukutani nyuma yake. Nilikwenda na kitabu mkononi, nimefurahi kama mtoto aliyeokota shilingi, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Bwana Mtangazaji, mama yangu alikuwa anatusimulia hapo alipolia, na sisi wote tukalia, na nguo ikaja, tukanyamaza. Huyu mwandishi wako amemwondoa Mungu. Sawa. Sasa yule dada akilia, nani anakuja?"

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kusema kwamba labda mwandishi anataka tuwatazame wale wazee, tuwaulize kwa nini hawakuinuka. Akasema, "Hao hawakuinuka miaka elfu tatu. Wataanza leo?" Nikaaga nikaondoka, kitabu kwapani, na nikiri kwamba nilikuwa nimekasirika, zaidi kwa kuwa alikuwa na hoja. Mimi kisa hiki nilikiokota njiani. Yeye alinyonya nacho. Ni rahisi kufurahia kuvunjwa kwa nyumba ambayo hukuzaliwa ndani yake.

Na si jambo dogo huko kwao. Desemba 1992 msikiti wa Babri uliokuwa Ayodhya ulibomolewa na umati ulioamini kwamba hapo ndipo alipozaliwa Rama, shujaa wa kisa kingine kikuu, na watu wengi walikufa katika ghasia zilizofuata. Januari 2004 kundi la watu liliivamia taasisi ile ile ya Pune, likaharibu vitabu na maandiko ya kale, kwa hasira juu ya kitabu cha mgeni kuhusu mfalme Shivaji ambacho wataalamu wa hapo walitajwa kumsaidia mwandishi wake. Kwa hiyo mtu anayeketi kuandika upya hadithi ya zamani ya Wahindi hachezi.

Lakini upande wa pili pia upo. Ile tamthilia niliyoiangalia kutoka kwenye kigoda, iliyowaketisha Wahindi wa dunia nzima mbele ya televisheni, maneno yake yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, mshairi Mwislamu wa Ghazipur. Na mwaka 1985 Mwingereza Peter Brook alipoipandisha Mahabharata jukwaani Avignon, Ufaransa, kwa saa tisa, mzee Bhishma alichezwa na Sotigui Kouyaté wa Burkina Faso, mtu wa ukoo wa wasimulizi wa jadi wa Afrika ya Magharibi, na Bhima akachezwa na Mamadou Dioumé wa Senegali. Nimeona filamu iliyotokana na mchezo huo. Kouyaté, mrefu, mwembamba, akiwa amelala juu ya kitanda cha mishale akingoja kufa, hakuhitaji kuwa Mhindi. Niliwahi kumwambia jirani yangu habari hiyo, akasema Bhishma mweusi si tatizo, Krishna mwenyewe jina lake maana yake ni mweusi. Ni kweli, nimeangalia.

Siku nne baada ya kugombana kwetu alimtuma mjukuu wake nyumbani. Mtoto akasema, "Shikamoo. Babu anaomba lile kitabu." Nikampa, huku nikijua kwamba sijamaliza sura mbili za mwisho. Alikaa nalo wiki tatu. Jana lilirudi, limefungwa vizuri kwenye gazeti. Ndani yake, mahali Kunti anapokumbuka kikapu kikienda na maji, palikuwa na kipande cha kitambaa chekundu kilichokatwa kwa mkasi wa dukani. Hakuandika neno. Usiku wa leo nazimalizia zile sura mbili, na kesho nikipita pale dukani nitamuuliza aliishia hapo au alivuka.